Mpe Msomaji Swali, Jibu Atalipata Mwenyewe

Riwaya nyingi za upelelezi hufia mikononi mwa watu wanaozipenda. Mtu anamwambia mwenzake, "Kisome hiki, kitamu sana, mwishoni utashangaa," na papo hapo ameshakosea mara mbili. Hajasema kitabu kinahusu swali gani, halafu amefichua kwamba mwisho una mtego. Msomaji atapita kurasa zote akimshuku kila mtu mpole, na akifika mwisho hatashangaa. Atarudisha kitabu na kusema kilikuwa cha kawaida.

Dodoma ya sasa ina wasomaji wa kutosha. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa St John's, wapo watumishi waliohamia tangu Serikali ilipoanza kuleta ofisi zake mwaka 2016, na wapo wanaokwenda Dar es Salaam na kurudi kila mwisho wa wiki tangu treni ya SGR ilipoanza kufika hapa mwaka 2024. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia waanze na kipi. Rafu za madukani huelemewa na vitabu vya kiada, vya dini na vya mafanikio. Riwaya ya upelelezi hupita kutoka mkono hadi mkono, kwa neno la mtu. Neno hilo likiwa la hovyo, msomaji anapoteza usingizi wa siku tatu kwa kitabu kisichomfaa, na safari nyingine hasikilizi tena.

Hoja ya makala hii ni kwamba riwaya ya upelelezi haipendekezwi kwa kuisifu. Hupendekezwa kwa kujua msomaji anapenda kukeshwa na swali la aina gani, kisha kumtafutia kitabu kinachouliza swali hilo hilo na kulijibu kwa haki.

Maswali makubwa ni manne. La kwanza ni la zamani kuliko yote: nani kafanya? La pili: kafanyaje, hasa pale ambapo tendo lenyewe linaonekana haliwezekani. La tatu: kwa nini? La nne ni la mbio: atakamatwa, au atatoroka? Kitabu kimoja kinaweza kuyagusa yote, lakini kila kitabu kina moja linalokivuta kama injini inavyovuta mabehewa. Mpe mpenzi wa swali la nne kitabu cha swali la kwanza, utamsikia akilalamika kwamba watu wanakaa sebuleni wanaongea tu.

Kosa hilo tunalifanya sana kwa sababu kwa Kiswahili vitabu hivi vyote vimewekwa rafu moja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58, ni mtu wa kiko na kufikiri. Anatazama, anauliza, anaunganisha. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyejitokeza kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, ni jasusi wa kukimbiza na kukimbizwa. Mtu mzima aliyekulia kwa Willy Gamba akikuambia anataka "upelelezi" mpya, usimpe kitabu cha mauaji ndani ya chumba kilichofungwa na wageni wanane wanaokunywa chai. Anataka hatari, safari na saa inayokwenda mbio. Aliyekulia kwa Bwana Msa ndiye atakayekishukuru kile cha chai.

Sasa vitabu vyenyewe, nikianza na swali la tatu, kwa sababu ndilo waandishi wa Afrika wanalifanyia kazi vizuri kuliko wengi katika miaka hii. Lightseekers ya Femi Kayode, Mnigeria, ilitoka mwaka 2021. Wanafunzi watatu wa chuo wanauawa na umati karibu na Port Harcourt, na video ya tukio imeshasambaa. Waliofanya wanaonekana. Mwanasaikolojia Philip Taiwo anaombwa na baba wa mmoja wa marehemu atafute kwa nini mji mzima ulifika hapo. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa mambo ya wananchi wenye hasira kali. Ameyasoma magazetini na pengine ameyashuhudia mtaani. Kwa sababu hiyo hiyo kitabu hiki kipendekezwe kwa tahadhari. Sema mapema kwamba kuna mauaji ya umati na yameelezwa bila kupunguzwa. Kutaja hilo hakuharibu siri yoyote, na kunamlinda mtu ambaye ndugu yake alipotea kwa namna hiyo.

The Missing American ya Kwei Quartey, ya mwaka 2020, inafaa karibu kila mtu mwenye simu. Mmarekani aliyetapeliwa mapenzi mtandaoni anakwenda Ghana na kupotea, na mpelelezi binafsi Emma Djan wa Accra anaingia kazini. Kwa nchi ambayo kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kitabu kinachofungua mitambo ya utapeli, kuanzia kijana wa mbele hadi mkubwa wa nyuma, kina mvuto wa moja kwa moja. Hapa swali la nani na swali la kwa nini vinakwenda sambamba.

Oyinkan Braithwaite naye, katika My Sister, the Serial Killer ya mwaka 2018, anakata swali la nani kurasa za mwanzo kabisa: dada mdogo anaua wanaume zake, dada mkubwa, muuguzi wa Lagos, anasafisha damu. Kinachobaki ni kujua undugu utabeba mzigo huo hadi wapi. Sura ni fupi sana, nyingine hazizidi kurasa mbili, na Kiingereza chake ni chepesi. Kwa mtu anayeanza kusoma riwaya za Kiingereza baada ya kuacha shule, sijui kitabu cha kumfungulia mlango kilicho bora kuliko hiki.

Kwa swali la nne mpe The Devotion of Suspect X ya Mjapani Keigo Higashino, iliyotoka mwaka 2005 na kufika kwa Kiingereza mwaka 2011. Si kitabu cha jana, lakini kwa wasomaji wengi wa hapa bado hakijafika. Mauaji yanatokea mbele ya macho ya msomaji, mwalimu wa hisabati wa nyumba ya jirani anasaidia kuyaficha, na kazi ya kitabu ni kuona ukuta wake utabomokea wapi. Usiongeze neno lolote juu ya hapo. Ni kitabu ambacho sentensi moja ya ziada inakiua.

Swali la pili, la kafanyaje, lina tatizo lake kwa msomaji wa kanda ya kati. The Honjin Murders ya Seishi Yokomizo, iliyoandikwa mwaka 1946 na kupata tafsiri ya Kiingereza mwaka 2019, inasimama juu ya theluji: maharusi wanauawa usiku wa harusi katika nyumba iliyofungwa, theluji imetanda nje, na hakuna nyayo. Msomaji asiyewahi kuona theluji anaweza kupita hapo bila kushtuka. Mwambie mapema kwamba theluji mpya hushika alama ya kila mguu, hivyo anayepita lazima aache alama, na fumbo lote limeegemea hapo. Maelezo ya nusu dakika yanaokoa kitabu kizima.

Wapo pia wasomaji wasiotaka damu hata kidogo. Wanataka watu wa kuwapenda na fumbo la kufungua polepole. Hao wapewe The Thursday Murder Club ya Richard Osman ya mwaka 2020, wazee wanne wa kijiji cha wastaafu Uingereza wanaokutana kila Alhamisi kuchambua kesi zilizolala. Na aliyezoea kuishi ndani ya magrupu ya WhatsApp ajaribu The Appeal ya Janice Hallett ya mwaka 2021, iliyoandikwa yote kwa barua pepe na ujumbe. Huyo mwambie achukue karatasi na aandike majina, maana wahusika ni wengi na kitabu hakimsubiri aliyechanganya.

Ili kujua swali la msomaji, usimuulize anapenda vitabu gani. Atakujibu kwa heshima, atataja kile alichokisoma shuleni. Muulize kitabu gani cha mwisho alikimaliza, hata kama hakukipenda, kwa sababu kukimaliza kunasema kweli kuliko kusifu. Kisha muulize kitabu gani alikiacha, na alikiacha wapi. Aliyeacha kabla ya ukurasa wa 30 alichoshwa na mwanzo wa taratibu au na wingi wa majina. Mpe kitabu ambacho maiti inapatikana sura ya kwanza. Aliyeacha katikati aliona uchunguzi unazunguka pale pale. Huyo anataka mauaji ya pili au siri mpya kila baada ya sura tatu nne. Aliyeacha karibu na mwisho kwa kawaida alishajua jibu na hakuona sababu ya kuendelea. Huyo ni msomaji mkali, mpe fumbo gumu.

Baada ya hapo muulize atasomea wapi na kwa muda gani. Hili watu hulidharau, na ndilo huua vitabu vingi. Msomaji wa kawaida humaliza ukurasa mmoja wa riwaya ya Kiswahili kwa dakika mbili hivi. Kwa Kiingereza, kama hajakizoea, hesabu tatu. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam inachukua kati ya saa tatu na nusu na nne, kwa hiyo safari moja ni kurasa mia moja na kidogo za Kiswahili, au sabini za Kiingereza. Riwaya zetu za zamani zenye kurasa mia moja hivi zinakaa vizuri ndani ya safari hiyo. Kitabu cha kurasa 400 kitakatika mara tano au sita kabla hakijaisha, na riwaya ya upelelezi inayokatwakatwa hupoteza nyuzi: msomaji amesahau nani alikuwa na ufunguo, nani alisema alilala saa ngapi. Anayesoma dakika ishirini kwenye daladala ya kwenda Mtumba apewe chenye sura fupi. Kile kinene kisubiri likizo.

Kuhusu cha kusema na cha kunyamazia, mpaka unaofanya kazi ni robo ya kwanza. Unaweza kutaja mahali, mpelelezi, tukio linaloanzisha hadithi na swali. Chochote kinachotokea baada ya robo ya kwanza kiache ndani ya kitabu, hata kama si siri kubwa. Kuna maneno yanayoonekana hayana madhara na kumbe yamemwaga mtama wote: "usimwamini anayesimulia", "mwisho wake utabisha", "yule mke ni mtu wa ajabu". Hata kusema "sitakwambia kuhusu daktari" ni kumwonyesha daktari. Ukiona huwezi kukieleza kitabu bila kugusa sehemu hiyo, kipendekeze kwa mahali na kwa mpelelezi wake, kisha funga mdomo.

Tukija kwenye haki ya fumbo, hapa ndipo anayependekeza anatakiwa awe mkali, na hasa kwa vitabu vyetu vipya. Mwaka 1929 Mwingereza Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi hizi, aliandika kanuni kumi za mchezo wa haki. Nyingine zimezeeka. Ya kwanza bado ina nguvu: mhalifu lazima atajwe mapema katika hadithi. Kuipima ni rahisi. Ukimaliza kitabu, rudi utafute ukurasa ambao mhalifu alitokea kwa mara ya kwanza. Katika kitabu cha kurasa 200, akitokea baada ya ukurasa wa 60 au 70 umedanganywa, hata kama ulisisimka. Kisha tafuta vidokezo. Vinatakiwa visipungue vitatu, vyote vimekaa wazi kabla ya mpelelezi kutangaza jibu, na ukivisoma mara ya pili uone aibu kwamba ulivipita. Benjamin Stevenson, Mwaustralia, amecheza na kanuni hizi waziwazi katika Everyone in My Family Has Killed Someone ya mwaka 2022. Msimulizi wake anaorodhesha kanuni za Knox na hata kukutajia mapema kurasa ambazo watu watafia, na bado anakushinda. Ni kitabu kizuri cha kumfundishia kijana anayetaka kuandika.

Kidokezo kizuri hufichwa kwa njia zinazojulikana. Kinawekwa katikati ya orodha, si mwanzoni wala mwishoni: soksi, kiberiti, risiti ya dawa, kitana. Kinawekwa sentensi moja kabla ya kelele kubwa, ili mlio wa bunduki ukifute kichwani. Au kinatoka kwa mtu anayedanganya kwa sababu nyingine kabisa. Amekana kuwepo eneo la tukio kwa kuwa alikuwa kwa mpango wake wa kando, wewe ukamweka kwenye kundi la wauaji na kulisahau lile alilosema kweli. Mwandishi asiyejua njia hizi hufanya moja kati ya mawili. Huficha kila kitu, akatoa mwishoni barua ambayo hatukuonyeshwa, au hurundika maelezo ya kurasa kumi ambamo muuaji, ameshika bastola, anaeleza mpango wake wote kwa mtu anayetaka kumuua. Ukikuta hilo la pili, kitabu usikipeleke kwa msomaji wa swali la kwanza. Mpe wa swali la nne, huenda akasamehe.

Kuhusu uchawi na mizimu, msimamo uwe huu: imani inaruhusiwa kuingia, jibu haliruhusiwi kutokea huko. Ushirikina unaweza kuwa sababu ya mauaji. Nchi hii imezika wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na mwandishi anayelikwepa hilo anaandika nchi nyingine. Unaweza pia kuwa pazia la mhalifu anayetaka watu waogope kufika mahali fulani. Lakini muuaji akipatikana kwa ramli, au akifa kwa laana mara tu anapojulikana, msomaji aliyekuwa akifikiri tangu ukurasa wa kwanza amenyang'anywa kazi yake. Abdulla alilielewa hilo zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Riwaya inayotangaza kwamba imekaa Dodoma ipimwe pia kwa Dodoma yenyewe. Mvua za hapa huanza mwishoni mwa mwaka na kuishia Aprili. Alama za viatu kwenye tope uani mwezi wa Agosti ni kosa, labda mwandishi aonyeshe bomba lililopasuka. Vumbi lingefaa zaidi, na upepo wa kiangazi unafuta alama za vumbi kwa saa chache, kwa hiyo mpelelezi aliyechelewa hadi mchana hana cha kupima. Saa ya kifo nayo hukosewa kwa kuigwa kutoka vitabu vya Ulaya. Kule mwili hukadiriwa kupoa nyuzi moja hivi kwa saa kwa sababu hewa ni baridi. Ndani ya chumba cha bati mchana wa Oktoba, hewa ikikaribia joto la mwili, mwili unapoa taratibu mno na hesabu hiyo haina maana. Ukakamavu wa maiti, ambao kwa kawaida huanza ndani ya saa mbili hadi nne na kuenea mwili mzima kwa saa kumi na mbili hivi, kwenye joto huwahi kuja na kuwahi kuondoka. Mwandishi akiyajua haya ana fumbo zuri mkononi: daktari anayekadiria kwa kitabu na kumpa muuaji kisingizio cha bure.

Chumba kilichofungwa nacho kina sura ya kwetu. Nyumba nyingi za kupanga zina madirisha ya nondo, mlango wa komeo kwa ndani na geti la pamoja. Hapo hatuhitaji theluji. Na kwenye nyumba za zamani ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, sauti hupita juu, na hata mtu mwembamba anaweza kupita. Mwandishi anayeijua nyumba hiyo atakuonyesha pengo hilo sura ya pili kwa kisingizio cha mtoto wa jirani anayekohoa usiku, halafu atakaa kimya.

Utaratibu wa kesi ni pale riwaya nyingi mpya zinapoteleza. Majeruhi anafika hospitali bila fomu ya polisi ya PF3 na hakuna anayeuliza. Mpelelezi binafsi anaamrisha askari. Mtuhumiwa wa mauaji anapewa dhamana. Kwa sheria yetu mauaji hayana dhamana, na kwa kawaida mshtakiwa akifikishwa kwa hakimu mara ya kwanza hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa kesi yenyewe husikilizwa na Mahakama Kuu. Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na ukihitajika zaidi lazima uongezwe kwa utaratibu. Saa hizo nne ni zawadi kwa mwandishi wa taharuki, na ni ajabu jinsi zinavyotumika mara chache. Sampuli za damu na sumu huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayarudi jioni ile ile.

Hali ni hiyo hiyo kwa simu. Riwaya inayotokea leo bila muamala wa simu imesahau ushahidi ulio mfukoni mwa kila mhusika. Muamala una jina, kiasi, tarehe na dakika. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mhalifu mwenye akili atatafuta laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, labda bibi wa Chemba aliyeweka kidole mara mbili kwa wakala wa barabarani bila kujua. Kitabu kinachoanza na bibi huyo akigongewa mlango na polisi nitakipendekeza kwa yeyote.

Hadithi nyingi mpya za Kiswahili za aina hii zinasomwa kwa sehemu, kwenye simu. Zipo nzuri. Lakini muundo huo una ugonjwa wake, na anayependekeza aujue. Kila sehemu inatakiwa iishie pabaya ili msomaji arudi kesho, kwa hiyo hatari inapandishwa kila maneno elfu moja hadi hakuna pa kuipandisha. Baya zaidi, wasomaji wanatoa maoni. Sehemu ya 14 mtu mmoja anamtaja muuaji, na mwandishi kwa kuogopa anabadilisha muuaji sehemu ya 20. Vidokezo vilivyopandwa mwanzoni vinabaki yatima: ule ufunguo wa kabati haukufungua chochote, ile safari ya Kondoa haikuwa na sababu. Kanuni hapa ni kutopendekeza hadithi ambayo haijaisha, na iliyoisha isome yote kabla ya kuituma. Mwisho ukiwa wa haraka, sehemu mbili za kufunga yaliyochukua sehemu arobaini, sema hivyo. Na tuma kwa njia ambayo mwandishi analipwa. Anayesambaza faili la bure ndiye anayefanya sehemu zinazofuata zisiandikwe.

Kwa vitabu vya mitumba, ukaguzi mmoja hauachwi. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu likichomoka huondoka lote. Pekua haraka ukitazama namba: ukiona ukurasa wa 96 unafuatwa na wa 113, fungu zima limekwenda. Tazama fungu la mwisho kwa uangalifu zaidi, kwa maana riwaya ya mapenzi isiyo na mwisho bado inasomeka, ya upelelezi haisomeki. Angalia pia kurasa za mwanzo, kwani kuna wasomaji wenye tabia ya kuandika jina la muuaji pembeni kwa kalamu.

Mfululizo una mpangilio wake. Vitabu vya Willy Gamba unaweza kuanza popote. Vya Osman anza na cha kwanza, maana maisha ya wale wazee yanasonga mbele, na cha pili kinakuharibia mambo ya cha kwanza. Usimpe mtu cha tatu kwa sababu tu ndicho kilichopatikana.

Kitabu kikirudi, usiulize kama alikipenda. Muulize alimshuku nani, na kuanzia ukurasa wa ngapi. Aliyempata muuaji kabla ya katikati, kitabu kinachofuata kiwe na wahusika wachache na fumbo gumu zaidi. Aliyemshuku mtu asiye na hatia hadi mwisho na akafurahi kukosea, mpe kingine cha mwandishi huyo huyo. Na aliyesema hakuwa akimfikiria muuaji kabisa, alikuwa anataka tu yule dada asikamatwe, amekwambia swali lake ni la nne. Rafu ya kumtafutia kitabu ni nyingine.